Kuna, Pana, Mna

4 Machi, Jumatatu

Shajara hii ni kosa langu. Ni moja ya nakala mia nne zilizokataliwa na mteja kwa sababu mwezi wa nne umeandikwa "Apirli", kurasa zote thelathini, na sahihi iliyopitisha prufu ni yangu. Nasoma prufu, yaani nasaka makosa kabla ya kuchapa, kwenye kiwanda cha uchapaji, na kwa miaka kumi na moja sijapitisha hata mkato uliokaa vibaya. Bosi hakufoka. Aliniuliza tu, "Wewe ulikuwa unaangalia nini?" Nikamjibu nilikuwa naangalia ukurasa. Ni kweli. Macho yalipita juu ya neno, neno likapita mbele ya macho, tukaachana salama.

Nakala moja nimekuja nayo nyumbani. Nitaandika mpaka mvua ziishe, maana Mama anasema siku hizi natembea kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Mvua zimeanza leo saa tisa.

5 Machi, Jumanne

Kazi. Mvua. Goti la Mama linamsumbua.

9 Machi, Jumamosi

Siku ya mchezo. Nieleze, isije siku moja nikasoma hapa nisijielewe.

Mchezo wetu hauna ubao. Tunakaa mezani sebuleni kwa Mama kila Jumamosi mchana. Msimulizi anaeleza mahali, wachezaji wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Aliyeuanzisha ni mume wangu, aliyekuwa mume wangu, na sheria zote ziko kwenye daftari lake. Mwezi wa kwanza aliondoka, akachukua kabati na redio, daftari akaliacha. Mimi nikarudi kwa Mama na sanduku moja. Mama akaniambia, "Kiti cha msimulizi kiko wazi, kalia." Nikakalia. Ningeambiwa nikalie stuli ya jikoni ningekalia pia.

Tuko wanne. Mama alikuwa mshonaji, sasa anashonea majirani tu. Mjomba, mdogo wake Mama, ni kondakta mstaafu na sauti yake haijui kuwa amestaafu. Fundi anatengeneza friji, anakaa nyumba ya nyuma yetu, hana dogo. Hadithi ya msimu huu ni jumba lenye vyumba kumi na viwili. Mama ndiye mwenye jumba, naye ni Mzugaji: anafanya viini macho, yaani anaweza kuonyesha ukuta mahali penye mlango na ngazi mahali penye shimo. Nyuma ya mlango mmoja ameficha kengele. Mjomba na Fundi wanaitafuta. Mjomba ana upanga. Fundi ni Mnusaji, ana pua ya kunusa uchawi. Mvua zikiisha kengele haijapatikana, Mama ameshinda.

Leo Fundi kaingia chumba cha kwanza, kasema, "Nanusa." Nikamwambia zulia ni kiini macho. Chumba cha pili, "Nanusa." Kioo ni kiini macho. Chumba cha tatu Mama akaweka dadu chini.

"Sasa mimi nimekuja kuhesabu misumari ya dari? Nahangaika wiki nzima kubuni, huyu anavuta pumzi mara moja, kwisha habari!"

"Mama, si ndiyo kazi ya pua?" Fundi akasema.

"Kama pua yako inajua kila kitu, mimi kazi yangu nini?"

Nikafungua daftari. Kwenye ukurasa wa kunusa, mume wangu alikuwa ameandika mstari mmoja tu: *Hapa tutapatana tukifika.* Nimeusoma mara tatu. Sikuhisi kitu.

12 Machi, Jumanne

Mvua usiku kucha, na asubuhi pia. Mama jino.

14 Machi, Alhamisi

Jirani wa mkono wa kushoto amenisimamisha getini. "Mama yako siku hizi anaringa. Nimempungia mkono toka huku mpaka kule, kapita kama hanijui." Nikamwambia nitamfikishia. Sikumfikishia, nilisahau.

16 Machi, Jumamosi

Nimejaribu kuifupisha pua ya Fundi. Nikasema anusaye arushe dadu kwanza, akipata tano au sita ndiyo ananusa. Karusha mara saba, hakupata hata moja. Akavuka jumba lote kipofu, akaingia kwenye pipa akidhani ni korido. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi hakucheka. "Dada, sasa mimi ni mzigo tu. Bora nibaki kwangu na friji zangu."

Kwa hiyo pua ikijua kila kitu, Mama hana kazi. Isipojua kitu, Fundi hana kazi. Mjomba akasema mwenye kazi ni upanga wake peke yake, akaomba chai. Mama akammiminia, nusu kikombeni, nusu kwenye sahani.

"Dada, unaniogesha?"

"Taa ya nyumba hii mbovu," Mama akasema.

Ilikuwa saa tisa mchana.

20 Machi, Jumatano

Leo nimepata sheria, na nimeipata kazini. Nilikuwa nasoma prufu ya kitabu cha watoto wa shule. Mwandishi kaandika: *Ndani ya sanduku kuna panya.* Nikakata "kuna", nikaandika "mna" pembeni. Mkono ulifanya wenyewe, ndiyo kazi yake. Halafu nikabaki nimeinua kalamu.

*Kuna* ni huko, eneo zima, popote pale. *Pana* ni hapa, mahali unapoweza kuweka kidole. *Mna* ni humu, ndani ya kitu chenyewe. Mtoto wa darasa la pili anazijua. Lugha imeshapima umbali kwa ajili yetu, nami nahangaika na dadu.

Sheria basi. Mnusaji akisimama mlangoni na kunusa, anajibiwa neno moja: kuna, au hakuna. Hajui wapi, hajui nini. Akitaka kujua zaidi asogee, achague mahali, apoteze zamu. Hapo anajibiwa pana, au hapana. Akitaka kujua kilicho ndani lazima aguse kwa mkono, na kama ni mtego umnase. Hapo anajibiwa mna, au hamna. Wakati yeye anasogea, Mama naye ana zamu zake.

Nimeiandika kwenye daftari, chini ya ule mstari. Mwandiko wangu na wake hapo inafanana na watu wawili kwenye foleni wasiojuana.

23 Machi, Jumamosi

Imefanya kazi. Fundi alisimama mlangoni akanusa, nikamwambia "kuna", akawa kama mbwa aliyesikia sahani. Saa nzima chumba kimoja. Mama akimsubiri na Mjomba akimsubiri Mama. Hakuna aliyeomba chai.

"Mpwa, umetutoa jasho," Mjomba akaniambia akivaa koti la mvua. "Unajisikiaje?"

"Hamna kitu," nikasema. Ndivyo ninavyowajibu wote tangu mwezi wa kwanza.

25 Machi, Jumatatu

Mama mgongo. Nimempaka dawa. Begani ana alama ya kugonga, bluu. Anasema ni mlango wa stoo, umetanuka kwa unyevu.

30 Machi, Jumamosi

Leo tumepigana kwa sababu ya neno moja.

Mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani. Fundi kamaliza chumba cha sita, akaniuliza, "Kwenye ngazi, pana?" Hapo hapo upepo ukasukuma mvua ndani, Mjomba akainuka akanipigia kelele, "Mpwa, nifunge dirisha?" Nami nikamjibu Mjomba, "Hapana!" kwa sababu bawaba imekatika, ukilifunga halifunguki.

Fundi akasikia hapana. Akapanda ngazi. Ngazi ilikuwa kiini macho, akaanguka ghorofa mbili, miguu yote miwili imevunjika.

"Umesema hapana!"

"Nilikuwa namwambia Mjomba."

"Mimi nilikuuliza, wewe ukajibu. Mahakamani nashinda hii kesi!"

"Dirisha ndilo lililokuwa hapana," Mjomba akasema, akiwa amelowa kifua kizima. "Ngazi ilikuwa pana. Mbona rahisi?"

Mama alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Tukakubaliana tumemtibu Fundi kwa zamu tatu, na kuanzia leo mezani pale anayekataa jambo aseme "la", kama hakimu. "Hapana" ni ya mahali tu. Imetushinda. Dakika tano baadaye Mama kamuuliza Mjomba kama amebakiwa na sukari, Mjomba kasema hapana, na Fundi akaandika kwenye karatasi yake.

Sote tulicheka, na mimi nilifungua mdomo kwa wakati unaofaa.

3 Apirli, Jumatano

Tumefika kwenye kosa langu. Nitaandika kama lilivyochapwa.

6 Apirli, Jumamosi

Kila wiki kabla ya kucheza Mama ananipa kikaratasi chenye orodha ya viini macho vyake. Cha leo kilinichukua muda. Mistari imepandiana, imeanzia katikati ya karatasi. Niliposoma nikaona anataja vitu kumi na nane: kikombe kinachovuma, pazia lenye joto, msumari unaokonyeza. Uchawi mdogomdogo usio na maana yoyote.

Fundi akanusa mlangoni. Kuna. Akasogea kwenye kikombe. Pana. Akagusa. Mna. Ndani yake mna nini? Mlio. Zamu tatu zimeishia kwenye mlio. Pazia, pana. Msumari, pana. Kiti, pana. Alipofika kwenye kipande cha sabuni akaweka kichwa mezani.

"Mama, umemwaga uchawi kama mtu anayewarushia kuku mahindi."

"Nimekudanganya?"

"Hujanidanganya, ila..."

"Kila ulipoambiwa pana, pamekutwa pana. Mimi sijasema uongo hata mmoja."

Alikuwa na furaha kweli. Nikamtazama, nikafikiri: huyu mwanamke angekuwa mwanasheria.

9 Apirli, Jumanne

Mama kiuno. Pia kidole gumba. Pia sikio, maji ya mvua yameingia.

13 Apirli, Jumamosi

Nimesawazisha. Kwa Fundi: harufu sasa ina ukubwa, nitamjibu "pana kidogo" au "pana sana", asipoteze siku kwa msumari. Kwa Mama, ili asionewe: kifuniko kimoja. Anachagua mahali pamoja jumbani, anapafunika, na hapo Mnusaji akiuliza atajibiwa "hapana" hata kama pana. Ni kimoja tu kwa msimu mzima, na akishakiweka hawezi kukihamisha.

Fundi hajafurahi, Mama hajafurahi. Nadhani hiyo ndiyo dalili kwamba nimepima sawa.

15 Apirli, Jumatatu

Mama ametunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, mimi nimeshindwa mara nne. "Macho ya ujana wenu haya," akasema. Ameshona vifungo vitatu vya shati langu bila kukosea.

17 Apirli, Jumatano

Mvua. Ofisini bosi amenipa prufu ndefu, amemweka mwenzangu azisome tena baada yangu. Hajaniambia. Nimeona alama za kalamu yake. Ilipaswa kuniuma.

20 Apirli, Jumamosi

Fundi ameupata mlango.

Walikuwa wamefika jiko la jumba. Fundi akanusa, nikamwambia kuna. Akazunguka mahali kwa mahali. Meza, pana kidogo. Sufuria, pana kidogo. Dirisha, ufagio, kigoda, kizingiti: pana kidogo, kote. Ukuta wa nyuma ya jiko: hapana.

Mjomba akasema, "Haya, hapo hapana, twendeni chumba kingine."

Fundi hakuinuka. Akawa anazungusha dadu mkononi. "Ngoja kwanza. Mimi nikiletewa friji la miaka ishirini, nyuma lote ni vumbi na mafuta, halafu nikakuta sehemu moja imefutwa inang'aa, siangalii kwenye vumbi. Naangalia pale palipong'aa. Aliyenitangulia alichezea hapo." Akamtazama Mama. "Mama, jiko zima umelipaka uchawi. Kwa nini ukuta mmoja uwe msafi? Nagusa ukuta."

Mama akapiga makofi. "Umenikamata! Wallahi umenikamata!" Na katika kupiga makofi kiwiko cha kushoto kikapiga birika, birika likaenda chini, chai yote kwenye zulia. Birika lilikuwa pale kwa saa mbili. Aliliweka mwenyewe.

"Goti hili," Mama akasema.

Wanaume wakainuka kutafuta kitambaa, wakicheka, Mjomba akidai chai imekufa shahidi. Mimi nilibaki kwenye kiti. Kiwiko ndicho kilichopiga. Kwa nini goti?

Walipoondoka nilifungua shajara hii toka mwanzo, nikaisoma kama prufu, kwa rula, mstari kwa mstari. Goti. Jino. Mgongo. Kiuno. Kidole gumba. Sikio. Kumbe nimeandika karibu mwili mzima wa Mama bila kujua naandika nini. Katikati yake: chai kwenye sahani. Jirani asiyeamkiwa. Bega la bluu. Karatasi yenye mistari iliyopandiana. Nami nimeweka vyote hapa kwa mwandiko mzuri, na kila kimoja nimeweka nukta, nikaenda kulala.

Mwili mzima unalalamika kidogo. Mahali pamoja hapajalalamika hata siku moja.

Niliposoma mara ya pili nilipoteza mstari, hata kwa rula. Hofu. Nimeitambua baada ya muda, kwa sababu tulipotezana zamani.

21 Apirli, Jumapili

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha anashona. Nikavuta stuli, nikaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama, weka sindano chini kidogo. Nitazame puani."

"Pua yako naijua, niliileta mimi duniani."

"Nitazame tu."

Akanitazama. Nikanyoosha mkono wangu mbali upande wake wa kushoto, nikachezesha vidole.

"Hapa pana kitu?"

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapana."

Nikausogeza. Usawa wa bega lake. "Hapa?"

"Hapana."

Usawa wa sikio. "Hapa, Mama?"

"Hapana. Unafanya nini?"

Mkono ulikuwa karibu na shavu langu mwenyewe aliposema, "Pana. Vidole." Kisha akaushika mkono wangu, kwa sababu alielewa umetokea wapi. Upande wa kulia ulikuwa nafuu, lakini si sana.

Mvua ilikuwa imetulia. Tulikuwa tunasikilizana vizuri.

"Umegusa ukuta," Mama akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Giza linaingia toka pembeni. Nilifikiri ni kope zimelegea. Hapa mbele naona sindano, naona uzi, nikasema basi, mzima huyu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeshavaa na viatu, nije kwako unipeleke hospitali. Nikafungua mlango, uko nje na sanduku, uso kama ubao uliofutwa." Akachukua sindano, akairudisha. "Ningekuongezea hilo?"

"Mama, nimekaa humu miezi minne."

"Umekaa, ndiyo. Ila hukuwemo."

Hakuisema kwa ukali. Ndiyo maana imeniingia.

23 Apirli, Jumanne

Nimeomba ruhusa kazini. Kliniki ya macho, foleni toka saa moja. Mama amevaa gauni lake zuri na kumlalamikia kila mtu habari za goti.

Wakampima kwa mashine kama bakuli jeupe. Unaingiza uso, unakodolea nukta katikati, taa ndogo zinawaka huku na huku, ukiona unabonyeza. Nilikaa nyuma yake. Nilikuwa naziona taa. Ziliwaka kushoto, ziliwaka juu, ziliwaka tena kushoto, na kidole cha Mama kimetulia. Nilitamani kumwambia bonyeza, Mama, bonyeza sasa. Taa zilikuwa nyingi mno. Mara mojamoja kidole kilibonyeza, naye akatabasamu ndani ya bakuli kama aliyepata sita.

Daktari, mwanamke mwenye umri kama wangu, alitandika karatasi mbili mezani. Ya jicho la kulia ilikuwa nyeusi pembeni. Ya jicho la kushoto ilikuwa nyeusi yote isipokuwa katikati, tundu kama la ufunguo.

"Ni presha ya macho, mama. Inabana mshipa wa nyuma polepole. Haiumi, ndiyo ubaya wake."

"Na sindano naitunga," Mama akasema.

"Utaitunga, maana katikati ndiko kunakokwenda mwisho. Wengi inawadanganya hivyo."

"Itarudi?" nikauliza mimi.

"Kilichokwenda hakirudi, dada. Kilichobaki tunakilinda kwa matone, asubuhi na jioni, bila kuruka siku hata moja. Akiruka, kinakwenda nacho."

"Kama tungekuja mwezi wa kwanza?"

Daktari alinitazama, kisha akamtazama Mama. "Mmekuja leo," akasema.

Naujua ustaarabu wa namna hiyo. Ndivyo ninavyomwandikia mwandishi ambaye kitabu chake kimeshachapwa.

Njiani Mama alinishika mkono, upande wa kushoto bila kuambiwa. Tulipofika kwenye ngazi nilisema ngazi, tulipofika kwenye dimbwi nilisema dimbwi. Nyumbani niliingia chumbani nikafunga mlango, nikalia kwa sauti mbaya kama ya mtu anayetapika. Miezi minne nilidhani ganzi ni yangu peke yangu, hainuki, haimgusi mtu. Kumbe kuna mtu alikuwa anaizunguka kila siku asiniamshe, na huku kuta zinamsogelea.

24 Apirli, Jumatano

Matone asubuhi. Matone jioni.

25 Apirli, Alhamisi

Matone. Nimemwambia jirani wa kushoto kwa nini hakuamkiwa. Alilia kuliko mimi. Kisha akaniuliza kama yeye ndiye atakayekuwa upande wa kushoto siku zote, asimame wapi ili aonekane.

27 Apirli, Jumamosi

Hatukucheza. Mjomba alikuja peke yake, akakaa na dada yake, wakabishana kuhusu mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Akiondoka, getini, sauti yake ya kondakta ilikuwa imeshuka. "Mpwa, mimi namwona kila wiki. Chai alinimwagia mimi."

"Hata mimi nilikuwepo, Mjomba."

Tulisimama kwenye manyunyu kama wajinga wawili.

30 Apirli, Jumanne

Mwisho wa mwezi wenye kosa. Leo nimekamata makosa kumi na manne kwenye kurasa sita. Mwenzangu alipozisoma tena hakuongeza alama.

3 Mei, Ijumaa

Matone. Mama anasema yanachoma. Ni lalamiko la kwanza la macho toka nianze kuandika. Nimelipigia mstari.

11 Mei, Jumamosi

Presha imeshuka, wamesema kliniki. Mvua nazo zimepungua, jana kutwa haikunyesha.

18 Mei, Jumamosi

Jua. Nadhani zimeisha.

Tumeigeuza sebule. Meza imesogezwa, Mama anakaa na mgongo ukutani, sisi watatu tunabanana mbele yake kama wanaopigwa picha. Birika linakaa katikati. Msimu umeisha, kengele imepatikana, kwa hiyo leo ni hadithi mpya na kila mtu anabadilisha nafasi. Fundi kaomba kuwa Mzugaji, alipize kisasi. Mama akasema yeye atakuwa Mnusaji.

"Pua bado nzima," akasema.

Kabla wanaume hawajafika nilikuwa mezani nafungua daftari. Nilisoma tena ule mstari wa mume wangu, hapa tutapatana tukifika. Leo uliniuma, waziwazi, chini ya mbavu, nikashangaa jinsi maumivu yalivyo makubwa na jinsi yalivyokaa mahali pamoja kumbe. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mbele yangu kabisa.

"Mwanangu, una nini?"

Mdomo ulikuwa umeshaanza lile jibu langu la kila siku. Mama akainua mkono.

"Ngoja. Mimi ndiye Mnusaji." Akavuta pumzi, kwa madaha, kama Fundi. "Nanusa. Kuna?"

"Mama, hatujaanza."

"Kuna, au hakuna?"

"Kuna," nikasema.

Akainuka. Akapoteza zamu, kama sheria inavyotaka, akizunguka meza kwa kupapasa ukingo wake, mpaka akasimama mbele yangu.

"Hapa pana?"

"Pana sana."

Basi akanyoosha mkono wa mshonaji, vidole vigumu, akauweka kifuani pangu bila kukosea. Anayegusa lazima akubali kunaswa, niliiandika mimi mwenyewe.

"Humu," akasema. "Hamna kitu, siyo?"

"Mna, Mama," nikasema. "Mna."

Fundi na Mjomba walipobisha hodi hakuna aliyekwenda kufungua.